Kisanduku cha rangi za mafuta cha anayeanza: cha kutumia, cha kurekebisha na cha kuweka kando

Kisanduku hiki huuzwa kwa majina mengi, lakini ukikifungua mara nyingi ni kilekile: tyubu 12 za rangi za mafuta, kila moja mililita 12, brashi 6 za nailoni, kisu kidogo cha paleti, paleti ya plastiki, chupa mbili ndogo, moja ya mafuta ya kitani na nyingine ya tapentaini, vibao viwili au vitatu vilivyobandikwa kanvasi, na kiegemezo cha mezani cha mbao laini. Maandishi ya kifuniko yanaahidi kwamba kila anachohitaji mchoraji kimo ndani. Si kweli, ila si bure pia. Rangi nne au tano kati ya hizo 12 ni nzuri za kufanyia kazi ya kudumu. Nyeupe ina kasoro, brashi hazifai kwa rangi nzito, na vibao vinataka matayarisho kabla ya kuguswa na rangi. Anayeyajua haya atakitumia kisanduku vizuri. Asiyeyajua hujilaumu kwamba hana kipaji, kumbe kasoro ilikuwa ndani ya tyubu.

Tuanze na kiasi, maana hapo ndipo wengi hukwama mapema. Rangi ya mililita 12 ikipakwa kwa unene wa milimita 0.3 inafunika mraba wa sentimita 20 kwa 20, basi. Kibao cha sentimita 30 kwa 40 kwa unene huohuo kinakula mililita 36, yaani tyubu tatu nzima. Nyeupe huingia karibu katika kila mchanganyiko, lakini humu imepewa mililita 12 sawasawa na nyeusi, ambayo huguswa mara chache. Itaisha kabla picha ya kwanza haijakamilika. Tena mtu akiona nyeupe inapungua huanza kubana. Anasugua rangi kidogo juu ya kanvasi kavu hadi nyuzi zinaonekana, halafu anashangaa picha imekuwa kama imepakwa vumbi. Ukinunua kisanduku, nunua siku hiyohiyo tyubu ya nyeupe ya mililita 37 au zaidi.

Sasa lebo. Geuza tyubu usome maandishi madogo ya nyuma, usidanganyike na jina kubwa la mbele. Jina la mbele ni la biashara. La nyuma ndilo la kitu chenyewe. Utaona herufi na namba kama PW6, PB29, PBr7, PY3. Herufi P ni pigmenti, yaani ule unga wenye rangi. Zinazofuata hutaja jamii yake, W nyeupe, B bluu, R nyekundu, Y njano, G kijani, V zambarau, Br kahawia, Bk nyeusi. Na namba hutaja pigmenti yenyewe. Tyubu mbili za viwanda tofauti zenye PB29 zina pigmenti moja, altramarini, hata kama moja imeitwa bluu ya bahari na nyingine bluu ya kifalme. Tyubu isiyoandikwa namba yoyote, iache. Kiwanda kisichosema kimeweka nini hakikupi namna ya kujua rangi hiyo itafanya nini baada ya miaka kumi.

Ukikuta neno Hue baada ya jina, ujue ni mwigo: Cadmium Red Hue haina kadimiamu ndani yake. Hilo si kosa peke yake. Mwigo uliotengenezwa kwa PR254 ni nyekundu kali, imara, na huenda ukakufaa kuliko kadimiamu yenyewe kwa kuwa hauna chuma chenye sumu. Mwigo mbaya ni ule wa pigmenti tatu zilizochanganywa na kijazo cheupe ili zifanane na ile ya gharama kwenye tyubu tu. Ukichanganya na rangi nyingine, sura yake yote inapotea.

Mazoea haya ya kusoma nyuma ya tyubu yana historia yake. Hadi miaka ya 1830 rangi ya mafuta iliyosagwa ilihifadhiwa kwenye vibofu vya nguruwe vilivyofungwa kwa uzi. Mchoraji alitoboa kwa msumari, akakamua, kisha akaziba tundu kwa shida. Mwaka 1841 Mmarekani John Goffe Rand, aliyekuwa akiishi London, alipata hataza ya tyubu ya bati linalokunjika. Rangi ikaweza kubebwa mfukoni, kufungwa kwa kifuniko na kufunguliwa tena mwezi ujao. Ila kadiri rangi zilivyozoeleka kununuliwa tayari, mchoraji alizidi kuwa mbali na jiwe la kusagia, na asiyesaga rangi haoni kilichomo. Kujua malighafi ya kazi yako ni sehemu ya kuwa mchoraji, kama seremala anavyojua mti upi hupinda ukikauka na upi hutulia. Zile herufi na namba ndizo zinazokurudishia ujuzi huo.

Asiyejali hili alipe sikio jambo la Vincent van Gogh. Mwaka 1888 alichora chumba chake cha kulala huko Arles, Ufaransa, na kuta akazipaka zambarau hafifu. Leo kuta hizo ni za bluu. Nyekundu iliyokuwa ndani ya mchanganyiko ililiwa na mwanga, bluu ikabaki peke yake. Katika kisanduku chetu tyubu ya kutazamwa kwa jicho hilo ni ile nyekundu ya damu ya mzee iitwayo krimson. Nyingi zina PR83, alizarini, ambayo ilitengenezwa kwa njia ya kikemia kwa mara ya kwanza mwaka 1868. Ni nyekundu tamu, nzito, inayong'aa kama juisi ya zabibu, lakini ikichanganywa na nyeupe au ikipakwa nyepesi hufifia. Iweke kando utafute PV19 ya wekundu wa waridi. Inakaa, na inachanganya zambarau safi kuliko alizarini.

Uimara wa rangi mbele ya mwanga si lazima uuamini kwa maandishi tu. Chukua karatasi nene iliyopakwa jeso, yaani ule mpako mweupe wa kutayarisha uso kabla ya rangi. Paka mstari wa kila rangi: nusu ya kwanza rangi tupu, nusu ya pili rangi sehemu moja kwa nyeupe sehemu kumi hivi. Subiri ikauke kabisa. Kata karatasi kwa urefu ili kila mstari ugawanyike mara mbili, kipande kimoja ukibandike kwenye kioo cha dirisha linalopata jua, cha pili ukifungie ndani ya bahasha kwenye droo. Baada ya miezi mitatu viweke pamoja. Rangi dhaifu itajitaja yenyewe, na mara nyingi itaanzia kwenye ile sehemu yenye nyeupe.

Karatasi hiyohiyo inakuonyesha jambo la pili, nguvu ya rangi. Rangi za wanafunzi huongezewa kijazo, kwa kawaida chaki, ili kupunguza gharama. Sehemu moja ya altramarini nzuri kwa kumi za nyeupe inatoa bluu ya anga iliyo wazi. Ya kijazo kingi inatoa kitu kama maji ya kufulia. Mtu huongeza rangi, anaongeza tena, na mwishowe ametumia tyubu mbili pale ambapo nusu ya tyubu bora ingetosha. Kwa sababu hiyo bei ya tyubu peke yake haisemi kitu. Uliza inapaka eneo gani.

Nyeupe inahitaji maneno zaidi. Soma nyuma: kama ni PW6 tupu, hiyo ni titani, nzito na yenye kufunika. Mara nyingi utakuta PW6 pamoja na PW4, na PW4 ni zinki. Zinki hulainisha rangi na kuifanya iwe nyeupe ya ubaridi, ila ndani ya mafuta hufanya utando uwe mgumu na mkavu kama ganda la yai, na kwa miaka utando huo hupasuka au kubanduka kutoka kwenye tabaka la chini. Juu ya kanvasi inayocheza madhara huja mapema. Tafuta nyeupe isiyo na zinki kabisa. Angalia pia imesagwa kwa mafuta gani. Baadhi husagwa kwa mafuta ya mbegu za mpopi kwa sababu hayageuki njano haraka kama ya kitani, lakini hayo hukauka taratibu na utando wake ni dhaifu zaidi. Nyeupe hiyo ibaki ya tabaka la juu. Ya chini itumie ya kitani.

Kuhusu nyeusi, hoja ni fupi: huihitaji. PBk9, inayopatikana kwa kuchoma mifupa, hukauka polepole mno, na ukiipaka chini ya rangi nyingine kwa unene, ya juu itakauka kwanza na kupasuka. Badala yake weka paletini altramarini ya PB29 na siena iliyochomwa ya PBr7, kila moja ukubwa wa punje ya maharage. Ziburute pamoja kwa kisu mara tatu au nne hadi michirizi iishe. Utapata giza lenye kina kuliko nyeusi ya tyubu. Kujua limeelemea wapi, chukua kidogo kwa ncha ya kisu, kichanganye na nyeupe pembeni. Kikija kijivu cha samawati, altramarini imezidi, nacho kinafaa kwa kivuli cha nje na mawingu ya mvua. Kikija kijivu cha uvuguvugu kama majivu, siena imezidi, nacho ni cha kivuli cha ndani ya nyumba, cha mbao, cha shingo chini ya kidevu. Kwa tyubu mbili na nyeupe una vijivu ishirini, na vyote vinapatana kwa sababu ni ndugu.

Kijani kilichomo kisandukuni mara nyingi ni mchanganyiko wa pigmenti mbili au tatu. Kila pigmenti hula sehemu yake ya mwanga, kwa hiyo ukichukua kijani cha pigmenti tatu ukakiongezea nyekundu ya pigmenti mbili, una tano zinazokula mwanga kwa pamoja, na kilichobaki ni tope. Changanya mwenyewe. PY3 na PB29 hutoa kijani kilichotulia cha majani makavu kidogo. PY3 na PB15 hutoa kijani cha mmea mchanga. PB15, thalo, ni kali mno: anza na kiasi cha kichwa cha kiberiti, maana ikizidi haitoki tena kwenye mchanganyiko, na ikishika brashi itakufuata hadi rangi ya kesho.

Na ile tyubu ya rangi ya ngozi, ile ya waridi hafifu, iweke kando bila majuto. Watu hawana ngozi moja, na hata uso mmoja hauna rangi moja. Ngozi nyeusi yenye mwanga wa dirisha hujengwa kwa siena iliyochomwa, altramarini na oka ya njano. Pale mwanga unapogonga paji la uso, ongeza nyeupe na tone la bluu, kwa sababu mwanga wa anga ni wa ubaridi. Ukiongeza nyeupe peke yake paji litaonekana limepakwa poda. Ngozi yenye weupe ni rangi zilezile, oka na nyeupe nyingi zaidi, PV19 kidogo mashavuni. Hakuna tyubu moja inayoweza kukufanyia hivyo.

Brashi sasa. Nailoni laini zenye ncha ya sindano ni za rangi za maji. Kwenye rangi ya mafuta, ambayo ina uzito wa siagi, hulala chini, zikiteleza badala ya kusukuma rangi. Unachohitaji ni nywele ngumu za nguruwe, bapa au zenye ncha ya duara, namba 4, 8 na 12, zaidi ile nailoni moja ndogo uliyonayo kwa mistari ya mwisho. Kabla ya kununua, kunja nywele kwa kidole: zirudi wima zenyewe. Vuta kidogo: zikitoka mbili au tatu, nyingine zitatoka ndani ya picha. Kinachoua brashi ni rangi iliyokaukia ndani ya pete ya bati. Nywele hupanuka kama ufagio na hakuna dawa. Kila baada ya kazi futa kwa kitambaa ukielekea ncha, suuza kwenye tapentaini, futa tena, kisha osha kwa sabuni ya kawaida na maji ya uvuguvugu ukizungusha kwenye kiganja hadi povu liwe jeupe. Iunde ncha kwa vidole, ilaze. Usiisimamishe kwa nywele ndani ya kopo, hata usiku mmoja.

Paleti ya plastiki ni ndogo na baadhi ya plastiki huharibika zikiguswa na tapentaini. Kipande cha kioo cha sentimita 30 kwa 40, kingo zikiwa zimesuguliwa, na karatasi ya kijivu chini yake, ni paleti bora: unaona rangi juu ya kijivu badala ya nyeupe inayokudanganya, na rangi iliyokauka inakwanguliwa kwa wembe.

Vibao vilivyobandikwa kanvasi ni vya karatasi ngumu ndani, na jeso yake ni nyembamba. Ukipaka rangi moja kwa moja, kibao kinanywa mafuta, unga wa rangi unabaki bila kishikio, na baada ya siku chache sehemu za giza zinapauka kwa madoa. Mwanafunzi huona weusi wake umekuwa kijivu, anapaka tena, unapauka tena. Dawa ni rahisi. Paka jeso ya akriliki mara mbili, nyembamba, ya kwanza kwa mlalo na ya pili kwa wima, ukiacha ya kwanza ikauke kabla ya ya pili. Sugua kwa msasa namba 220 hadi kiganja kiteleze bila kukwama. Paka na mgongo mara moja ili kibao kisipinde kuelekea upande mmoja. Kisha subiri angalau saa 24; siku tatu ni bora. Rangi ya mafuta juu ya jeso ya akriliki inashika vizuri. Kinyume chake, akriliki juu ya mafuta, itabanduka.

Chupa mbili ndogo ndizo zinazoharibu picha nyingi zaidi, si kwa ubaya wake bali kwa namna zinavyotumiwa. Rangi ya mafuta haikauki kama maji yanavyokauka. Mafuta ya kitani hushika oksijeni ya hewa na kugeuka utando mgumu. Ndiyo maana mafuta ya kupikia ya zeituni au karanga hayawezi kuchukua nafasi yake: hayakauki, picha itabaki inanata. Kanuni ni kwamba kila tabaka liwe na mafuta mengi kuliko lililo chini yake. La kwanza chora na rangi iliyopunguzwa kwa tapentaini, nyembamba. La pili rangi ya tyubu ilivyo. La tatu ongeza mafuta ya kitani kidogo, yasizidi moja ya tano ya rangi. Ukigeuza mpangilio, tabaka nono la chini linaendelea kujongea huku la juu limeshakuwa gumu, na nyufa zinaanza. Muda wa kukauka nao hutofautiana: amba, kahawia ya udongo, kwa sababu ya manganizi iliyomo, hukauka siku moja au mbili, wakati nyekundu za kadimiamu zinaweza kuchukua wiki na zaidi. Kwa hiyo michoro ya chini ifanye kwa amba au siena.

Tapentaini ifanyie kazi dirisha likiwa wazi. Usiimwage kwenye sinki: iache kwenye chupa ya kioo hadi matope yatue, mimina ile safi ya juu, itumie tena.

Jambo ambalo hatujaona likitajwa ndani ya visanduku hivi, na lingepaswa kuandikwa kwa herufi kubwa, ni vitambaa. Kitambaa chenye mafuta ya kitani kikikunjwa na kutupwa ndani ya ndoo kinaweza kuwaka chenyewe bila cheche. Ule ushikaji wa oksijeni hutoa joto. Kitambaa kilichotandazwa hulipoteza hewani, kilichofinyangwa hulihifadhi hadi moto unaanza, pengine usiku watu wamelala. Tandaza kila kitambaa kimoja kimoja nje hadi kikauke kabisa, au kitumbukize kwenye kopo la bati lenye maji ufunike.

Kiegemezo kinatosha kwa kibao kidogo. Kaza nati za nyuma, na kama mguu unacheza, weka kipande cha karatasi ngumu kwenye kiungo. Kiinamishe kidogo mbele kama picha inamulikwa na mwanga wa juu, ule mng'ao wa rangi mbichi utaondoka machoni.

Kwa hiyo, je, kinunuliwe? Kama ni zawadi kwa mtoto mkubwa anayetaka kujua rangi za mafuta zikoje, ndiyo, pamoja na nyeupe ya ziada na onyo la vitambaa. Kwa mtu mzima anayetaka kuwa mchoraji, fedha ileile ni bora iende kwenye tyubu saba za mililita 37, hata zikinunuliwa moja moja kwa miezi: PW6 isiyo na zinki, PY3, oka ya PY42 au PY43, PR254, PV19, PB29 na siena iliyochomwa ya PBr7. Aliyekwisha kukinunua abaki na altramarini, oka, amba, siena na njano ya limau iwapo ni PY3, kisha aanze kubadilisha kwa mpangilio huu: nyeupe, brashi, krimson.

Baadhi ya visanduku huongeza kichupa cha vanishi. Kisifunguliwe picha inapoonekana imekauka kwa kidole, kwa sababu ndani bado inaendelea kukauka. Tabaka jembamba lingoje miezi 6, nene mwaka mmoja au zaidi. Andika kwa penseli nyuma ya kibao tarehe ya mguso wa mwisho wa brashi, na namba za pigmenti ulizotumia.